Si kwa Ajili ya Mchicha

Mwamvua,

Barua huanza na salamu, lakini leo sina. Hali yangu unaijua, maana umeiacha hapa barazani imefura, ukajitupia khanga yako ukaenda kuaga mashoga zako kana kwamba hujasema kitu. Nimekaa. Nimekosha vyombo vilivyokuwa safi. Nimemfokea kuku asiye na kosa. Mwisho nimetafuta kalamu, kwa sababu nikingoja urudi nikujibu kwa mdomo tutagombana mpaka treni ya kesho itupite hapo Bukene. Wewe ukigombana unalia, na mimi ukilia nanyamaza, kisha hakuna anayejua nani alisema nini.

Ulichosema ni hiki, nakirudia usije ukasema nimekusingizia: "Mama, mimi ulininyima mji kwa ajili ya mchicha." Ukaongeza, "Na sasa mimi naondoka, utabaki na mchicha wako."

Ebo! Mchicha!

Najua unachokisema. Baba yako alipofariki, nami nilipotoka eda, mjomba wako Salumu alikuja kutoka Tabora kutuchukua. Alisimama hapo hapo mlangoni akasema, "Dada, kusanya vyako twende, nyumba ya Mtendeni chumba kipo." Wewe ulikuwa darasa la tatu, na ulikuwa umeshafunga kifurushi chako kabla hajamaliza kunywa maji. Nikamwambia, "Salumu, tutakuja. Ngoja kwanza nivune nyanya." Nyanya hazikuvunwa, na sisi hatukwenda. Ukafungua kifurushi. Mimi nilidhani umesahau. Kumbe umekaa nalo moyoni miaka yote hii, unalinyamazia, mpaka leo, siku ya mwisho, ndipo unalitoa. Una roho ngumu kama bibi yako mzaa baba, na sikusifu.

Sasa nisikilize. Ya kufunga mlango, ya kuchemsha maji, ya kutompa mtu mzigo akushikie stesheni, sikuandikii. Umefundishwa ualimu, hayo unayajua. Nakuandikia hili moja la bustani, kwa sababu umelitaja vibaya, na kwa sababu huko unakokwenda, mbele ya Kaliua, wamekupa nyumba ya mwalimu yenye kiwanja ambacho mwenzako aliyetangulia anasema hata kisamvu hakisimami. Ulipoambiwa hivyo ulicheka ukasema, "Si nitanunua mboga." Utanunua kwa nani, mwanangu? Kwa huyo huyo ambaye kisamvu chake hakisimami?

Mimi ni mtoto wa Mtendeni, Tabora mjini. Baba yangu alikuwa fundi wa makubazi, na sisi mabinti zake tulijua kazi moja kuliko zote: kufagia. Mjini kwetu uwanja wa nyumba ulikuwa uso wa mwenye nyumba. Ulifagiliwa kabla jua halijachomoza, jani lisionekane, ardhi ibaki na mistari ya ufagio tu, na taka zote zichomwe. Mama mtu akija kumchumbia mwanawe mke alitazama uwanja kwanza, binti baadaye. Mimi niliposwa na baba yako kwa uwanja ule, usicheke.

Nilipoletwa huku kwa wakwe nilikuta watu wana bustani nyuma ya zizi la zamani, udongo mweusi, laini, unaonukia mbolea hata wakati wa jua. Sikufanya lolote la maana pale. Bibi yako alilima, mimi nilichuma. Nilidhani mboga huota tu, kama nywele. Kisha tukaambiwa tuhamie kijijini, nyumba zipangwe mistari kando ya barabara. Tukavunja, tukapakia miti ya paa, tukahama. Sisemi juu ya kuhama kwenyewe. Hapa ulipata shule, na zahanati ipo, na laiti tungebaki kule leo usingekuwa mwalimu. Nasema juu ya mchanga tuliopewa. Mweupe! Unamwaga ndoo ya maji, ukigeuka kuiweka ndoo chini, maji hayapo. Ukichimba kidogo unakuta tabaka gumu ambalo jembe linadunda juu yake. Asubuhi unapanda mche, mchana unaukuta umepikika. Kiangazi cha kwanza nilidhani nimekosea mbegu. Cha pili nikadhani tumerogwa.

Na bibi yako, lo! Bibi yako alipiga matuta. Mnyamwezi haoni shamba kama haoni matuta, na asiye nayo ni mvivu, hakuna mjadala. Akayainua yakafika magotini, marefu, yamenyooka, unaweza kumwita mgeni aje kuyatazama. Katikati ya kiangazi, kwenye mchanga, kwa ajili ya mchicha! Jua linapiga huku na huku, tuta linakauka pande zote, na kila tone nililolileta kichwani kutoka kisimani linateremka mtaroni. Nikamwambia, "Mama, maji yanakimbia." Akaniambia bila kuinua kichwa, "We wa mjini umelima lini?" Nikarudi zangu kisimani, kwa sababu kweli sikuwa nimelima.

Lakini na mimi nilikuwa na ujinga wangu, na ndio uliokuwa mkubwa zaidi. Nilifagia. Nilifagia uani, nilifagia nyuma ya jiko, nilifagia mpaka kati ya tuta na tuta. Kila jani lililoanguka nililikimbilia. Upepo wa mwezi wa nane ukija unakuta ardhi iko uchi, unaichukua unaipeleka Nzega. Na hapo ndipo mahali pekee bibi yako aliponisifu tangu nije kwao. Alikuwa anawaambia majirani, "Huyu hajui jembe, lakini anafagia." Nami nikafurahi nikazidisha. Basi tukawa wanawake wawili tunaiua bustani, mmoja kwa jembe na mmoja kwa ufagio, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye chanzo.

Hiyo ndiyo bustani mjomba wako aliyoikuta alipokuja kutuchukua. Nilipomtajia nyanya aligeuka akaitazama, akanitazama na mimi. Hapakuwa na nyanya hata ya kuliwa na ndege. Sababu yenyewe nitaifikia, usiniharakishe.

Baada ya Salumu kuondoka nilikaza kamba. Nilitia miche, ikafa. Nikatia mingine. Wewe ulikuwa unanuna ukienda kisimani, unarudi na ndoo nusu makusudi, usidhani sikuona. Nilikuwa nakasirika na wewe, nakasirika na matuta, nakasirika na baba yako kwa kufa mapema. Kuna siku nilikaa kwenye mtaro nikautukana mchanga kwa sauti, na balozi wetu wa nyumba kumi akawa anapita, akadhani namtukana yeye.

Halafu ikaja ile kampeni ya usafi. Kila nyumba ichimbe shimo la taka. Balozi akaja mwenyewe kutuonyesha pa kuchimba, tukatoboa lile tabaka gumu kwa mtaimbo, mikono ikatoka malengelenge. Ndipo nikawa sichomi tena. Nafagia natia shimoni. Majani, majivu ya jiko, maganda ya maboga, mavi ya mbuzi wa jirani, vyote humo. Mvua za mwaka ule zilikuja kidogo zikakatika mapema. Matuta ya bibi yako yakakauka, mahindi ya watu yakajikunja. Na kule shimoni, Mwamvua, unakumbuka? Boga lilipanda likatoka nje likatambaa mpaka ukuta wa jiko, na mchicha ambao hakuna aliyeupanda ukasimama mpaka kiunoni mwako, majani mapana kama sahani!

Wengine wangeshukuru. Mimi nilikasirika mpaka nikalia. Niliona nimetukanwa na shimo la taka. Miaka nabeba maji, nabembeleza miche kama watoto wagonjwa, na chakula kinaota pale nilipotupa nisichokitaka! Nikasimama ukingoni ndipo ikaniingia: udongo mzuri ulikuwa unatengenezwa uani kwangu kila siku, jani kwa jani, na mimi kila alfajiri nilikuwa naufagia nautia moto.

Nikamwita bibi yako. Akaja, akainama, akatia mkono, akasema, "Ni shimo. Liko chini, linashika maji."

Nikasema, "Ni taka, mama. Tazama udongo ulivyo mweusi."

"Shimo."

"Taka!"

Tulibishana mpaka maghribi. Alikuwa sahihi na mimi nilikuwa sahihi, na mpaka leo hakuna aliyekubali. Ila kesho yake nilimkuta anasawazisha tuta moja, la pembeni kabisa, ambalo alidhani sitaliona. Nami nilipita kama sikuona.

Tukaanza upya. Badala ya kuinua tukachimba: vitanda vya kuzama, vyenye kingo, tunajaza majani na mavi na majivu kidogo, tunarudishia udongo, halafu juu tunafunika tena kwa majani makavu ili jua lisiuone udongo kabisa. Mchicha, bamia, matembele, na kunde pembeni. Pa kutawadhia tukapahamishia kwenye mipapai, mimi na wewe, maji ya udhu yasipotee. Wewe ukaona aibu mashoga zako wakikuona unatawadha chini ya mpapai. Papai ulikula.

Na hapo usidhani mambo yalinyooka. Balozi akapita kukagua, akasimama katikati ya majani, akaguna. "Mama Mwamvua, mbona uani kwako pamekuwa pachafu? Wewe si ndiye uliyekuwa mfano?" Nikamweleza. Akasema taka ni taka, na majani hufuga nyoka, nichome. Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki kwa sababu wewe ni mwalimu. Nikaenda zangu kisimani. Narudi na ndoo kichwani, naona moshi. Bibi yako amekusanya kila kitu, majani ya msimu mzima, amechoma! Amesimama na ufagio wangu mkononi, anasema, "Serikali imesema." Ndoo niliitupa pale pale. Maji yote yakamwagika mchangani, na bila shaka yalipotea kabla hayajafika miguuni kwake.

Hatukusemeshana mpaka mvua za kwanza. Wewe ndiye ulikuwa mjumbe wetu. "Mwambie bibi yako chumvi imekwisha." "Mwambie mama yako chumvi iko pale inapokaa siku zote." Na sisi wote tuko jikoni humo humo! Siku moja ukatuambia umechoka, tununue redio. Nilitaka kucheka nikajizuia.

Baadaye mchwa walikula majani, tukaleta mengine. Mbuzi wa jirani walikula matembele, tukaziba kwa miiba, wakaingia tena. Kila nilipodhani nimeshika, kilitokea kingine. Leo watu wanakuja na mabakuli kiangazi kizima, na mke wa balozi yule yule haoni haya kubisha hodi akitaka matembele. Lakini sikudanganyi nikakwambia nimeshinda. Mwaka juzi nilipougua, msimu mmoja tu sikufunika vitanda, nilipoamka nikaukuta mchanga umerudi, mweupe vile vile, kama sikuwahi kuishi hapa. Nilikaa chini nikasema basi, naacha. Sikuacha, lakini nilisema, na nilimaanisha. Mtu asikuambie kuwa ardhi ya namna hii hushukuru. Inakula, na ukichelewa kuilisha inakusahau.

Kwa hiyo ukifika kwenye kiwanja chako, mwaka wa kwanza usiwe na haraka ya kupanda. Chimba tu, ujaze. Watakucheka, mwalimu anaokota taka. Waache. Na nimewaza jambo: watoto wa shule hufagia uwanja kila asubuhi, shule nzima, kisha wanachoma. Wewe ndiye mwalimu wao. Taka zote za shule zitakuwa mkononi mwako, bahati ambayo mimi sikuipata! Waambie wasiwashe moto, walete kwako. Mwalimu mkuu akikuuliza, mwambie chochote, lakini usimruhusu kuchoma.

Sasa nafika kwenye sababu, na kalamu inaanza kunisumbua.

Siku ile mjomba wako alipokuja, bibi yako alikuwa bustanini kwenye matuta yake. Alisikia kila kitu. Unajua hakubaki na mtoto mwingine. Baba yako ndiye alikuwa wa mwisho. Nilidhani atakuja aniombe nibaki, na nikikwambia kweli, angeniomba ningeondoka. Nilikuwa nimemchoka. Nilikuwa nimeshaiona Mtendeni, nimeshakaa barazani kwa kina Salumu nakula kashata. Lakini hakuomba. Alimkamata kuku wake mmoja aliyekuwa anataga, akamfunga miguu, akaja akampa Salumu kwa mikono miwili. Akasema, "Wapelekee. Wale njiani, mtoto asisikie njaa." Mikono yake ilikuwa imejaa mchanga mpaka kwenye viwiko, kutoka kwenye matuta yasiyoota kitu. Hakunitazama. Akageuka akarudi kulima.

Nilimtazama mgongo. Nikajiuliza nani atamtekea maji. Nikajiuliza nani atabishana naye. Nilishindwa kulisema hilo mbele yake, asije akaona nimebaki kwa kumhurumia, maana angenifukuza kwa jembe. Ndipo nikasema nyanya. Nilisema lile lililokuja mdomoni. Salumu alielewa, akamfungua kuku.

Basi si kwa ajili ya mchicha, Mwamvua. Nilitaka ulijue hilo kabla hujapanda treni. Wewe sikukuuliza, ni kweli. Ulikuwa mtoto, watoto hawaulizwi, hata mimi sikuulizwa. Lakini mji ulioukosa ulikuwa wako, na nilikukosesha mimi, nawe ulikuwa na haki ya kulisema. Limenichoma, na sitajifanya halikunichoma. Ila ulilisema kwa sauti kubwa mno.

Maana kuna jambo hulijui. Bibi yako alikuwa jikoni. Macho yamepungua, lakini masikio yako pale pale. Ulipotoka, alikuja anapapasa ukuta mpaka hapa barazani, akakaa. Akaniuliza, "Kumbe mtoto alitaka mjini?"

Nikamwambia, "Maneno ya kitoto, mama."

Akasema, "Mimi nilijua mmebaki kwa ajili ya nyanya."

Miaka yote hii, mwanangu. Aliniamini! Alifikiri mimi ni mwanamke mpumbavu wa mjini anayependa nyanya zisizokuwepo, na akakaa anayasawazisha matuta yake moja moja ili nizipate. Halafu akaikisia sababu mwenyewe, akasema, "Ungeniambia kwamba ni mimi, ningewafukuza." Yuko ndani sasa hivi, anajitafutia khanga safi. Anasema kesho lazima aje stesheni, aje akuombe radhi.

Nimemkataza, hasikii. Yule hasikii kitu akishaamua, unamjua.

Sasa hili ndilo ombi langu, na ni moja tu. Usimruhusu akuombe radhi. Ukimwona anaanza, mkatize, mwamkie, mshike mkono, mwambie akuombee safari njema, muulize mbegu za kunde ameziweka wapi, sema lolote. Sema ulikuwa umeudhika kwa ajili ya safari. Sema uongo kama mimi nilivyosema, nami nitauitikia. Yeye asibaki hapa na neno lile.

Mimi nikasirikie tu, mpaka Kaliua na zaidi, kwa muda wowote unaotaka. Nitakuwepo.

Mama yako